Goma: Mashine za kukata zapewa ubongo mpya, lakini nani analinda mikono ya wafanyakazi?

Mjini Goma, kuran ikienda ghafla, karakana nzima inanyamaza. Msumeno wa seremala unazunguka kidogo, kisha unasimama. Kwenye nyumba ya kuchapisha, ile mashine ya kukata karatasi, ambayo wengi wanaiita masiko, inabaki na kisu chake juu. Wafanyakazi wanangoja. Mmoja anatumia nafasi hiyo kuondoa kipande cha ubao kilichokwama karibu na meno ya msumeno. Halafu kuran inarudi bila kupiga hodi.

Swali lenyewe liko hapo: mashine inawaka yenyewe, au inangoja mtu aiwashe?

Ni swali dogo kulisikia, lakini linaingia moja kwa moja katika mjadala unaozidi kuwa muhimu kwa maseremala, mafundi wa chuma na wachapishaji wa mji huu. Mashine zao nyingi ni za zamani, au zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika Ulaya na Asia. Chuma chake bado kizima. Kinachokufa ni ile sehemu ya umeme inayoiongoza. Sasa wenye mashine wanajiuliza: kununua mpya, au kuipa ya zamani ubongo mpya?

Kwa nini swali hili limekuja sasa

Kabla ya mwaka 2025, tajiri wa karakana aliyetaka mashine mpya alikuwa na njia ndefu lakini inayojulikana. Aliagiza China au Dubai, mzigo ukashuka Mombasa au Dar es Salaam, ukapanda kwa lori hadi Uganda au Rwanda, ukaingia Goma. Malipo yalipitia benki. Kipuri kidogo cha haraka kiliweza kuja kwa ndege.

Tangu mapigano ya mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, njia hiyo imekuwa ngumu. Benki za biashara zilifunga milango. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Mwezi wa nne mwaka huo AFC/M23 ilifungua CADECO ili watu wapate pa kuweka pesa, lakini hilo halikurudisha kazi ya benki za kawaida kwa mfanyabiashara anayetaka kumlipa muuzaji wa ng’ambo. Wengi wanategemea pesa za simu, au wanavuka kwenda Gisenyi kushughulikia malipo upande wa pili.

Mtu ambaye hawezi kuagiza mashine nzima anaweza bado kuleta sanduku dogo lenye vifaa vya kuiongoza. Linabebeka na kuvuka mpaka kwa urahisi zaidi, na gharama yake iko chini ya ile ya mashine mpya. Ndiyo maana fundi wa umeme wa viwandani, ambaye zamani aliitwa tu kubadilisha fiuzi, leo anaulizwa kama anaweza kufufua mashine nzima.

Kinachokufa kwanza ni nini

Mashine yoyote kubwa ya kukata ina sehemu tatu. Kuna mwili: chuma, kisu au msumeno, meza, mikanda na pampu ya mafuta. Kuna nguvu: mota na nyaya nene zinazoilisha. Na kuna uongozi: vitufe, rele, kontakta, vifaa vya kuhisi, kadi za elektroniki na, kwenye zile zilizoendelea zaidi, kompyuta yenyewe.

Tuchukue masiko ya kuchapisha. Mfanyakazi anapanga karatasi. Ukuta wa nyuma unasogea hadi kipimo kinachotakiwa. Kibanio kinashuka na kushika rundo la karatasi. Ndipo kisu kinashuka. Chuma cha mashine kama hiyo kinaweza kufanya kazi miaka 30 au 40 kikitunzwa, kwa kuwa kisu kinanolewa, mafuta yanabadilishwa na beringi zinapatikana. Lakini kadi ya elektroniki inayokumbuka vipimo na kusogeza ule ukuta wa nyuma ina maisha mafupi zaidi, na kiwanda kilichoitengeneza huenda kiliacha kuitoa miaka mingi iliyopita.

Kuna ugonjwa mmoja ambao mafundi wa mashine za kompyuta wanaujua vizuri. Mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinahifadhi vipimo vyake vya msingi katika kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Mashine ikikaa muda mrefu bila umeme na ile betri ikaisha, vipimo vyote vinafutika. Siku kuran inarudi, taa zinawaka lakini mashine haijui tena urefu wa meza yake wala mahali pa kusimama. Mwenyewe anafikiri imeungua, wakati imesahau tu. Kama hakuna aliyeandika vile vipimo kwenye karatasi, kuifufua ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingine haiwezekani. Katika mji ambao kuran inaweza kukosa siku kadhaa, kubadilisha betri hiyo mapema na kunakili vipimo kwenye daftari ni dawa ya bei ndogo kabisa.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mashine ya kwanza ya kukata chuma iliyoongozwa kwa namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Otomati ya viwandani, yaani kile kisanduku kinachochukua nafasi ya makumi ya rele, ilianza kazi kwenye viwanda vya magari vya Marekani mwaka 1969. Kilichobadilika ni bei. Kitu ambacho zamani kilikuwa cha kiwanda kikubwa tu, leo kinapatikana kwa ukubwa wa kitabu cha sala.

Njia tatu, na kila moja na mitego yake

Njia ya kwanza ni kutengeneza ile kadi ya zamani. Fundi mzuri wa elektroniki anaweza kubadilisha kondensa zilizovimba na rele zilizochoka. Ni rahisi kwa mfuko, na mfanyakazi anaendelea na vitufe alivyozoea. Ila mwenye mashine anabaki na kitu cha zamani ambacho kinaweza kufa tena siku ya kazi ya haraka.

Njia ya pili ni kuondoa uongozi wote wa zamani na kuweka otomati mpya, skrini, vifaa vipya vya kuhisi na nyaya mpya, huku mwili na mota vikibaki. Hapa ndipo faida kubwa ilipo. Vipuri vinapatikana sokoni, na kosa linaonekana kwenye skrini badala ya kutafutwa kwa kupapasa. Lakini kazi hii inataka fundi anayeelewa mashine yenyewe, si programu peke yake. Ni lazima ajue kibanio kinashuka kabla ya kisu kwa sababu gani, na nini kitatokea mpangilio huo ukigeuka.

Njia ya tatu ni vifaa vya bei ndogo vya wanafunzi. Arduino, kadi iliyozaliwa Italia mwaka 2005, na programu ya bure iitwayo GRBL, iliyoanza mwaka 2009, zimewawezesha vijana wengi duniani kujenga meza za kuchonga mbao na kukata chuma kwa moto wa plasma. Kwa kusogeza meza kushoto na kulia, vinafanya kazi vizuri. Ila kadi ya aina hiyo inafanya kazi kwa volti 5, wakati vifaa vya viwandani vinatumia kawaida volti 24, ambazo hazivurugwi kirahisi na kelele za umeme. Mota kubwa ikiwaka, au mwenge wa plasma ukiruka cheche, kadi ndogo isiyokingwa inaweza kupoteza akili katikati ya kazi. Ikivuruga mchoro kwenye ubao, hasara ni ubao. Ikiwa ndiyo inayoamua kisu kishuke au kisishuke, hasara ni mkono wa mtu. Kwa hiyo kadi hizo ziachiwe kazi ya kupima na kusogeza, na usalama upitie nyaya na rele zake zenyewe.

Kuran ya Goma inataka nini

Hakuna ubongo wa mashine unaoweza kujadiliwa hapa bila kuzungumzia umeme. Kwa miaka mingi Goma ilitegemea SNEL na mabwawa ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu, na kuran ilikuwa haitoshi. Desemba 2015 bwawa la Matebe, huko Rutshuru, lilizinduliwa, na Virunga Energies ikaanza kusambaza umeme hadi mjini. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua kituo cha jua cha megawati 1.3 mjini Goma, mtaa wa Ndosho. Karakana nyingi zilizokuwa zikiishi kwa mafuta ya jenereta zilipata pumzi.

Lakini nyaya hizo zinapita mahali penye matatizo. Mei 22, 2021, Nyiragongo ilipolipuka, lava ilikata barabara ya Rutshuru na kuangusha nguzo za umeme. Januari 2025 vita vilikata kuran na maji mjini. Na hata siku za amani, volti hupanda na kushuka, au fazi moja kati ya tatu inapotea.

Kwa mashine ya zamani ya rele, fazi ikipotea mota inanguruma na kupata joto, na mwenye sikio zuri anaizima. Kwa mashine yenye elektroniki, volti ikiruka inaunguza kadi kabla mtu hajasikia kitu. Kwa hiyo anayeweka uongozi mpya bila kinga anajenga nyumba nzuri isiyo na paa. Vitu vinavyohitajika vinajulikana: rele inayolinda fazi, kinga ya volti zinazoruka, kifaa cha kusawazisha volti kwa upande wa elektroniki, waya wa ardhi ulio wa kweli, na sanduku lililofungwa vizuri ili vumbi la mbao na unga wa chuma visiingie. Huo unga wa chuma unapitisha umeme. Ukitua juu ya kadi unaiua polepole.

Kuna pia habari njema. Kifaa kinachoitwa variateri kinawasha mota taratibu. Mota ikiwashwa moja kwa moja inavuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida kwa muda mfupi, na ndiyo maana jenereta inayotosha kazi inashindwa kuiwasha. Kwa variateri, jenereta ndogo zaidi inaweza kutosha. Variateri pia inaweza kusaidia kusimamisha msumeno ambao kwa kawaida unaendelea kuzunguka hata baada ya kuzimwa.

Kitufe kimoja kinachookoa vidole

Turudi kwa yule mfanyakazi aliyeweka mkono karibu na msumeno kuran ilipokwenda.

Msumeno uliofungwa kwa swichi ya kawaida, kama ile ya taa ya nyumba, unabaki umewashwa hata kama kuran haipo. Kuran ikirudi, unazunguka papo hapo. Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta: kontakta yenye kitufe cha kuwasha na kitufe cha kuzima. Kuran ikienda, kontakta inaachia. Kuran ikirudi, inabaki imeachia hadi mtu abonyeze tena kwa mkono wake. Mahali ambapo umeme unakwenda na kurudi mara nyingi kwa siku, hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kisasa ambacho kila karakana inapaswa kuwa nacho, kabla ya skrini yoyote.

Kwa masiko, kinga ni vitufe viwili. Mfanyakazi anatakiwa kubonyeza vyote kwa wakati mmoja, mkono wa kulia na wa kushoto, ili mikono yote iwe mbali na kisu. Kanuni ya kimataifa ISO 13851 inatoa nafasi ya nusu sekunde tu kati ya kitufe kimoja na kingine, na inataka viachiliwe vyote kabla ya kukata tena. Sababu iko wazi: bila hivyo, mtu anaweza kufunga kitufe kimoja kwa utepe, akabaki anabonyeza kimoja na mkono mwingine ukipanga karatasi. Kazi inakwenda haraka, mpaka siku kidole kinapobaki mezani.

Hapo ndipo mabadiliko ya uongozi yanaweza kuleta hatari badala ya kuiondoa. Fundi anayefungua mashine ya zamani anakuta nyaya za usalama nyingi asizozielewa. Lengo lake ni mashine iwake. Anazirukisha, mashine inawaka, mteja anafurahi na kulipa. Kila kitu kinaonekana kizuri kwenye skrini mpya, lakini kitufe chekundu cha dharura kimebaki pambo. Au kimeunganishwa kwenye programu peke yake, na programu ikiganda, nacho kinaganda.

Wahandisi wa usalama wana kanuni moja rahisi: kitufe cha dharura kikate nguvu chenyewe, bila kumwomba kompyuta ruhusa. Na waya wake ufungwe kwa namna ambayo ukikatika, mashine isimame. Kwa njia hiyo panya akitafuna waya, kazi inasimama. Ukifungwa kinyume, panya akiutafuna hakuna anayejua mpaka siku ya ajali.

Nani wa kuangalia

Sheria ipo. Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya Oktoba 16, 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake. CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani, ina tawi linalohusu ajali za kazini. Lakini ili mfanyakazi afaidike, lazima awe ameandikishwa na michango imelipwa. Kijana anayejifunza useremala kwa mjomba wake, anayelipwa kwa siku au kwa chakula, mara nyingi hayumo katika daftari lolote. Akipoteza vidole, gharama ya hospitali inabebwa na familia, na ufundi wake unaishia hapo.

Hata kabla ya 2025 mkaguzi wa kazi hakuwa mtu wa kuonekana katika karakana ndogo. Leo huduma za Kinshasa hazifanyi kazi mjini kama zamani, na anayekusanya ushuru mpakani ni AFC/M23. Katika hali hiyo watu wanarudi kwenye ile sheria ambayo kila Mkongomani anaijua bila kuisoma, Kifungu cha 15: jitafutie mwenyewe. Kifungu hicho kimejenga nusu ya mji huu. Lakini kwenye kisu kinachoshuka kwa nguvu ya tani kadhaa, kujitafutia kuna mwisho wake.

Ujuzi nao upo, ingawa umetawanyika. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, inafundisha ufundi. ITIG ya Wasalesiani imetoa mafundi wa mitambo na umeme. ULPGL ina kitivo cha teknolojia chenye wahandisi wa umeme. Kinachokosekana ni daraja kati ya mwanafunzi anayejua kuandika programu na mzee wa karakana anayejua mashine kwa sauti yake. Kijana peke yake atafanya skrini nzuri na kusahau kibanio. Mzee peke yake ataendelea kurukisha nyaya. Wakikaa meza moja, mashine inapata ubongo mpya bila kupoteza hekima ya zamani.

Na ajira? Hofu ya wafanyakazi kwamba mashine yenye akili itawafukuza si ya bure. Mashine inayojipima yenyewe inahitaji mikono michache kupima. Lakini kwa karakana za Goma hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine: mashine isipofanya kazi kabisa, meza, milango na vitabu vya risiti vitatoka nje vikiwa vimeshakamilika, na karakana itafungwa na wote waliomo. Tena ubao uliopimwa vizuri unapunguza mabaki, na mbao zinazofika mjini kutoka misitu ya mbali kwa barabara zenye vizuizi haziruhusu uharibifu.

Kabla ya kulipa

Mwenye mashine asiyejua umeme bado anaweza kujilinda. Kabla ya kulipa salio la fundi, asimame mbele ya mashine yake, bila ubao wala karatasi juu ya meza na watu wote wakiwa mbali, aombe mambo manne. Kwanza, fundi akate kuran kwenye swichi kuu mashine ikiwa inazunguka, kisha airudishe: mashine isiwake yenyewe. Pili, abonyeze kitufe chekundu katikati ya kazi: kila kitu kisimame, na kukiachia kusiiwashe tena. Tatu, kwa masiko, ajaribu kubonyeza kitufe kimoja tu, kisha kimoja na kingine kwa kuchelewa: kisu kisishuke. Nne, apewe mchoro wa nyaya na nakala ya programu, ili fundi huyo akihama mji, mwingine aweze kuendelea.

Fundi anayejua kazi yake hatakasirika kuombwa hayo. Anayekataa ameshajibu.

Majaribio hayo manne hayamalizi hata nusu saa, na hayahitaji benki, uwanja wa ndege wala ruhusa ya mtu yeyote. Mengi yanayowaumiza wenye karakana wa Goma leo yako nje ya uwezo wao. Hili la kujua kama mashine itangoja mkono wa mtu kuran ikirudi, liko ndani ya uwezo wao, kuanzia kesho asubuhi.